Sipapu: mashine isiyokupumulia

Desemba nyumba za Machame hujaa. Walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hupanda kwenda kula Krismasi kwao, magodoro hutandikwa hadi sebuleni, na usiku wa kwanza tu ukoo mzima unajua nani anakoroma. Siku hizi baadhi yao huja na kimkoba kinachodhaniwa kuwa cha kompyuta. Taa zikizimwa, ndani yake hutoka kisanduku chenye feni, bomba la plastiki na barakoa ya mikanda. Asubuhi maswali huanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa tangu lini, mpaka unalala na mashine ya kupumulia?"

"Si ya kupumulia, mama. Hii ni sipapu."

"Ndiyo nini?"

Mama ameuliza swali la istilahi, na jibu lake si jepesi. Sipapu ni CPAP, herufi nne za Kiingereza zinazotamkwa kama jina. Ukigeuza maneno yake moja moja kwa Kiswahili cha vitabu vya fizikia, utapata "kanieneo chanya mfululizo ya njia ya hewa". Kila neno ni sahihi, ila mgonjwa hatoki na kitu. Kanieneo, iliyoundwa kwa kuunga kani na eneo, haijawahi kutoka darasani. Ukiweka shinikizo mahali pake, mgonjwa atasikia presha na kuuliza vidonge viko wapi. Chanya nayo, kwa aliyewahi kusubiri majibu ya maabara, si neno la kumtuliza mtu.

Jina la mama, mashine ya kupumulia, linaeleweka haraka mno. Hiyo ni ile ya chumba cha wagonjwa mahututi, inayompumulia asiyeweza kupumua. Sipapu haimpumulii mtu. Wala haimpi oksijeni ya mtungi: inavuta hewa ileile ya chumbani na kuisukuma puani kwa nguvu ya kutosha kulizuia koo lisijifunge. Kuvuta na kutoa pumzi anafanya mwenyewe.

Koo hujifunga kwa sababu misuli ya ulimi na kaakaa hulegea usingizini. Hewa ikikosa njia, oksijeni hushuka, ubongo humzindua mlalaji nusunusu, naye huvuta hewa kwa kishindo na kulala tena. Kila kituo cha sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, na vikifika 30 kwa saa hali ni kali. Kulala chali huzidisha. Mbege vilevile, maana pombe hulegeza misuli hiyo zaidi. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba mchana anasinzia, hata mbele ya mchungaji. Shahidi ni mke wake, kwa hiyo jina la ugonjwa huu halina budi kuwa jina ambalo mke anaweza kulitumia.

Madaktari husema apnea, neno la Kigiriki la kukosa pumzi. Ukiandika "kukatika kwa pumzi", unakaribiana na kukata roho. Mke akitangaza alfajiri kwamba pumzi ya baba imekatika, majirani wataanza kufunga turubai. Mimi nachagua kusita. Kinachosita kina nia ya kuendelea. "Kusita pumzi usingizini" husemeka jikoni na huandikika kwenye faili.

Neno hilo linafaa hata juu ya msitu. Katika njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, wapandaji hulala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hata kijana asiyekoroma husita. Hewa nyembamba humfanya aheme haraka, kabonidioksidi hupungua katika damu, na ubongo, unaoitumia gesi hiyo kama ishara ya kuvuta pumzi, hukaa kimya kidogo. Mwenzake hemani hubaki macho akisikiliza. Hapo koo liko wazi. Basi tuseme kusita kwa kuziba kwa yule wa sebuleni, na kusita kwa amri kwa huyu wa mlimani.

Mashine yenyewe ilizaliwa kwa mzaha unaoifaa. Mwaka 1980, huko Sydney, daktari Colin Sullivan alitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kufyonza, na barakoa ikagandishwa usoni kwa gundi kila usiku. Mwaka 1981 alichapisha matokeo ya wagonjwa watano. Leo gundi imekwisha, vituko vimebaki. Mdomo ukifunguka, hewa iliyoingia puani hutoka kwa mfoko. Ikimezwa, asubuhi ni kubeua tu. Ndevu huvujisha hewa, alama za mikanda hufika kanisani mashavuni, na umeme wa LUKU ukiisha usiku, mkoromo hurudi na nyumba nzima inaamka.

Na barakoa? Hilo neno halina shida. Lilitoka Kiarabu likiwa kifunika uso cha wanawake wa Oman na pwani, mwaka 2020 korona ikalipandisha hadi vijijini, na sasa linakwenda kulala.

Kwa jina la mashine, funzo liko Moshi mjini. Watoto njiti wenye shida ya kupumua hutibiwa kwa ndugu mdogo wa sipapu: hewa hupitishwa puani, na ncha ya bomba la kutokea huzamishwa majini. Ikizama sentimita 5, hewa lazima izishinde sentimita hizo ndipo itoke kwa viputo. Hata mashine za watu wazima hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida 4 hadi 20. Aina moja iliyojaribiwa huko, katika hospitali ya KCMC, matokeo yakachapishwa mwaka 2020, inaitwa Pumani. Waliibuni Chuo Kikuu cha Rice, Texas, pamoja na hospitali ya Blantyre, Malawi, wakaipa jina la Kichewa. Mswahili hahitaji mkalimani: limo katika pumua, pumzi na pumzika.

Nasi tuiite kwa kazi yake: mashine ya kufungua koo. Matibabu yawe "msukumo mfululizo wa hewa", na sipapu ibaki jina la wodini. BAKITA wakipata bora zaidi, watupe. Kwa sasa, mke anayempeleka mumewe hospitali asiishie kusema "anakoroma", kwani wakoromaji wengi hawasiti. Aseme: "Anakoroma, kisha anasita pumzi." Daktari atajua pa kuanzia.