Kanga, Mkunjo na Jina

Mabibi harusi wetu, mkishakata doti na kuipinda, kunjeni kanga moja katikati. Kwa kanga nyingi, pindo hulalia pindo na ua la mji hujifunika lenyewe. Mkunjo huo ndio mstari wa ulinganifu. Haukuanza leo: karne ya 19 wanawake wa pwani walishona leso sita ziwe nguo moja, tatu juu, tatu chini. Jina lilikuja baadaye, likiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini, nalo likavuruga hesabu. Kunja juu kwa chini: maneno yako upande mmoja tu. Kunja kushoto kwa kulia: herufi hazilaliani. Ndiyo maana tukimfunga bibi harusi tunatafuta jina kwanza, asije akatoka na dua iliyopinduka.