Serikali, Daftari na Panchayati: Historia ya Utawala wa Wilaya katika Bara Hindi

Neno "serikali" tumelizoea mno, hata ni mara chache tunapouliza lilikotoka. Asili yake ni Kiajemi: sar, yaani kichwa, na kar, yaani kazi. Basi serikali ni kichwa cha kazi, au yule aliye juu ya kazi. Lakini katika Bara Hindi neno hili lilikuwa na maana nyingine pia. Zama za Sher Shah, aliyetawala Delhi tangu 1540 hata 1545, na zama za Akbar aliyetawala tangu 1556 hata 1605, sarkar ilikuwa jina la sehemu ya nchi. Katika dola ya Akbar jimbo liliitwa suba. Suba iligawanywa katika sarkar kadhaa, na kila sarkar katika pargana. Yaani neno ambalo kwetu ni jina la utawala wote, huko lilikuwa karibu sawa na neno letu "wilaya". Tofauti hii si jambo dogo. Yatuonyesha kwamba kwa mkulima wa Bara Hindi serikali haikuwa Delhi, wala Agra, bali ilikuwa ni yule afisa wa karibu, mwenye daftari na mwenye kudai kodi.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi utawala wa wilaya ulivyojengwa katika nchi ile, na jinsi unavyofanya kazi, na kisha kuuliza swali moja ambalo Wahindi wenyewe wamelijadili kwa muda mrefu: je, wilaya ni mali ya afisa aliyetumwa kutoka juu, au ni mali ya baraza lililochaguliwa na watu wake?

Tuanze na daftari. Akbar alikuwa na waziri wa fedha aliyeitwa Todar Mal, na katika 1580 ilianzishwa taratibu mpya ya kodi. Mashamba yalipimwa kwa fito za mianzi zilizounganishwa kwa pete za chuma, mahali pa kamba zilizokuwa zikirefuka na kufupika kwa unyevu na jua. Mavuno na bei za miaka kumi zilikadiriwa, na sehemu ya mfalme ikawekwa kuwa theluthi moja. Ili kazi hii iwezekane, palihitajiwa watu wa kuandika na kutunza hesabu. Katika pargana alikuwako kanungo, ambaye jina lake kwa Kiajemi ni "msema kanuni". Na katika kijiji alikuwako patwari, mwandishi wa mashamba. Wafalme walipita na dola zikaanguka, lakini vyeo hivi viwili havikuanguka nazo. Yeyote aliyetaka kutawala hakuwa na budi kuwauliza wao, kwa kuwa wao ndio waliojua nani analima wapi.

Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki iliingia katika utawala kwa mlango huo huo wa daftari. Katika Agosti 1765 mfalme Shah Alam II aliipa Kampuni "diwani" ya Bengal, Bihar na Orissa. Kwetu diwani ni mtu wa baraza, mshauri wa mji; huko diwani ilikuwa haki ya kukusanya mapato ya nchi. Miaka michache baadaye, katika 1769 na 1770, Bengal ilipatwa na njaa kubwa mno, na watu wengi wakafa. Hata hivyo kodi haikupungua: Warren Hastings mwenyewe aliwaandikia wakubwa wake wa London katika 1772 kwamba makusanyo ya 1771 yalizidi hata yale ya 1768. Mwaka huo huo wa 1772 Kampuni iliweka maafisa wa Kizungu katika wilaya, nao wakaitwa Kolekta, maana yake wakusanyaji. Jina hili halikuficha neno: kazi ya kwanza ya mkuu wa wilaya ilikuwa ni kukusanya. Taratibu ile ilibadilishwa mara kadhaa, mpaka katika 1786 wilaya zikapangwa upya na Kolekta akawekwa kuwa mkuu wa kila moja.

Hapo likazuka swali la mipaka ya mamlaka yake. Katika 1793 Cornwallis aliamua kwamba mtu anayedai kodi asiwe ndiye anayehukumu madai ya kodi. Akamnyang'anya Kolekta kazi ya ukadhi na kumpa hakimu wa pekee. Mwaka huo huo kodi ya Bengal iliwekwa ya daima mikononi mwa wenye ardhi wakubwa walioitwa zamindari. Kusini, katika Madras, Thomas Munro alishika njia nyingine: serikali ishughulike na mkulima mmoja mmoja. Njia hii iliitwa raiyatwari, na ndani yake tunalitambua neno letu "raia", ila huko raiyat alikuwa hasa mkulima. Katika wilaya za zamindari serikali ilikuwa mbali na shamba. Katika wilaya za raiyatwari ilikuwa na haja ya kulijua kila shamba, na kwa hiyo daftari lake likawa nene, na waandishi wake wakawa wengi.

Wazo la Cornwallis la kutenga kodi na hukumu halikudumu. Katika karne ya 19 Kolekta alirudishiwa kidogo kidogo kazi ya uhakimu, na sheria ya polisi ya 1861 ikamweka mkuu wa polisi wa wilaya chini ya uangalizi wake. Basi mtu mmoja akawa mkusanyaji, hakimu na msimamizi wa amani. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashindwa kumtambua, kwa maana bwana D.C. wa zama za ukoloni alikuwa ndugu yake. Wala si ajabu, kwa kuwa hata kanuni ya adhabu ya India ilitumika Kenya mpaka 1930, na rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi mpaka 1920. Tangu 1855 maafisa hawa walipatikana kwa mtihani uliofanywa London. Mhindi wa kwanza kuushinda, Satyendranath Tagore, alifaulu katika 1863. Na haikuwezekana kuufanyia mtihani huo katika India yenyewe mpaka 1922.

Chini ya Kolekta ipo ngazi ya vyeo, na ngazi hiyo haijaondoka hata leo. Wilaya, iitwayo zila, hugawanywa katika sehemu chache kubwa, na kila moja ina afisa wake. Sehemu hizo hugawanywa tena katika tahsili, ambazo kwingine huitwa taluka. Mkuu wa tahsili ni tahsildari, jina la Kiarabu na Kiajemi pamoja, maana yake mwenye kukusanya. Kiishio chake ndicho kile tulichonacho katika "jemadari". Chini yake yupo kanungo, na chini kabisa yupo patwari, ambaye Maharashtra huitwa talathi na Uttar Pradesh huitwa lekhpal.

Mamlaka ya patwari si ya amri, ni ya kalamu. Yeye hutunza ramani ya kijiji, daftari la vipande vya ardhi, na daftari la wenye kuvishika. Mkulima akifa, haki ya wanawe haionekani mbele ya serikali mpaka jina la baba litolewe na majina yao yaingizwe. Tendo hili huitwa dakhil-kharij, maneno ya Kiarabu yenye maana ya "aingiaye na atokaye". Jina likichelewa kuingia, mwana hawezi kukopa kwa rehani ya shamba, wala hana cha kuonyesha nduguye akimdhulumu. Ndiyo maana mwandishi huyu mwenye mshahara mdogo aliogopwa kijijini kuliko Kolekta. Katika zama hizi madaftari hayo yameingizwa katika kompyuta katika majimbo mengi, lakini jina lililoandikwa kwa makosa hubaki makosa hata katika kompyuta, na mwenye kulisahihisha bado ni ofisi ya tahsildari.

Tugeukie sasa upande wa baraza. Panchayati ni neno la Kihindi litokalo katika panch, yaani tano: ni baraza la wazee watano, ingawa idadi haikufuatwa sikuzote. Waingereza wengine wa zamani, kama Charles Metcalfe katika 1830, walivisifu vijiji kana kwamba kila kimoja ni nchi ndogo inayojitosheleza. Sifa hizo zilipita kiasi, lakini zilipendwa na wengi. Hatua ya kwanza ya kuweka mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa ilikuwa azimio la Ripon la Mei 1882. Ripon alitaka wajumbe wasio maafisa wawe wengi, na mwenyekiti asiwe afisa panapowezekana. Alitaka baraza liwe shule ya watu kujifunza kujitawala. Lakini mahali pengi Kolekta aliendelea kukaa katika kiti kwa muda mrefu, na shule hiyo ikawa na mwalimu asiyewaachia wanafunzi nafasi ya kusema.

Uhuru ulipopatikana katika 1947, viongozi hawakuwa na nia moja. Gandhi alitamani nchi ijengwe juu ya kijiji. B. R. Ambedkar, aliyesimamia uandishi wa katiba na aliyezaliwa katika jamii ya wale walioitwa wasiogusika, alilipinga wazo hilo waziwazi katika Bunge la Katiba mnamo Novemba 1948. Kwake yeye kijiji kilikuwa makao ya ujinga na ubaguzi, na mtu mnyonge hana salama akiachwa mikononi mwa majirani zake wenye nguvu. Hoja hii haifai kupuuzwa. Mtu aliyekatazwa kuteka maji kisimani huweza kumwona afisa mgeni kuwa mwenye haki kuliko baraza la wazee. Katiba ya 1950 ilipatanisha mambo nusunusu: kifungu cha 40 kiliyataka majimbo yaanzishe panchayati, lakini hakikuyalazimisha.

Mpango wa maendeleo ya vijiji ulianzishwa tarehe 2 Oktoba 1952, ukiendeshwa na maafisa. Kamati ya Balwantrai Mehta ilipouchunguza katika 1957 ilikuta kwamba wananchi hawauoni kuwa wao, ikashauri pawe na mabaraza ya daraja tatu: kijiji, kundi la vijiji, na wilaya. Tarehe 2 Oktoba 1959 Jawaharlal Nehru aliyazindua mabaraza hayo Nagaur, katika Rajasthan. Kila jimbo lilifuata njia yake. Rajasthan iliipa nguvu daraja ya katikati. Maharashtra, kwa sheria ya 1961, iliipa nguvu baraza la wilaya, zila parishad, na kumweka Kolekta nje yake. Madras ilimfanya Kolekta kuwa mwenyekiti wa baraza la maendeleo la wilaya. Baada ya miaka michache majimbo mengi yaliahirisha uchaguzi tena na tena, na mabaraza yakakauka. Bengal Magharibi iliyafufua kwa uchaguzi wa 1978, lakini kwingine yalibaki jina tu.

Dawa ilitafutwa katika katiba yenyewe. Badiliko la 73, lililoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993, liliondoa hiari ya majimbo katika mambo kadhaa. Uchaguzi hauna budi kufanywa kila miaka mitano, na baraza likivunjwa, jipya lichaguliwe kabla ya miezi sita kupita. Viti visivyopungua theluthi moja viwe vya wanawake. Jamii zilizodhulumiwa zamani na makabila zipate viti kwa kadiri ya wingi wao. Hapo twaona hoja ya Ambedkar imesikilizwa: kijiji kimepewa mamlaka, lakini mnyonge amewekewa kiti ndani yake kwa sheria. Bihar ilizidisha, ikatenga nusu ya viti kwa wanawake katika 2006. Wajumbe waliochaguliwa katika mabaraza haya wamezidi milioni 3.

Hata hivyo katiba ilitaja mambo 29 yanayoweza kukabidhiwa mabaraza, bila kulilazimisha jimbo kuyakabidhi. Kerala iliyakabidhi kwa moyo: tangu 1996 ilitoa zaidi ya theluthi ya fedha za mpango wake kwa mabaraza. Mahali pengine mwenyekiti wa baraza anacho kiti na bendera, ila fedha na watumishi wamebaki katika idara za jimbo. Basi wilaya ya India ina ngazi mbili zilizosimama kando kwa kando. Moja yashuka kutoka juu: jimbo, Kolekta, tahsildari, patwari. Nyingine yapanda kutoka chini: mkutano wa kijiji, panchayati, baraza la kati, baraza la wilaya. Mahakama ya wilaya imetengwa na zote mbili, iko chini ya Mahakama Kuu. Mafuriko yakija, watu humtazama Kolekta. Uchaguzi wa wabunge yeye ndiye huusimamia. Na njia ya kijiji ikiharibika, lawama humwangukia mwenyekiti waliyemchagua, ingawa mara nyingi fedha hazimo mkononi mwake.

Mkasa mmoja waonyesha mahali ngazi hizi zinapokutana. Katika Rajasthan, mwishoni mwa 1994, wanakijiji na wasaidizi wao waliitisha mikutano ya hadhara ambamo orodha za malipo ya kazi za umma zilisomwa kwa sauti. Watu wakasikia majina ya wasiofanya kazi yametiwa humo kama waliolipwa. Kutoka katika madai hayo ilikua sheria ya haki ya kupata habari, iliyopitishwa kwa nchi nzima katika 2005. Hawakudai kumwondoa Kolekta, wala hawakudai baraza jipya. Walidai daftari lisomwe.

Nasi tunaoshughulika na lugha tuna ushahidi wetu. Maneno ya ngazi ya juu, tahsili, kanungo, daftari, yamekuja kwa Kiarabu na Kiajemi, na yalidumu hata baada ya Kiajemi kuondolewa katika mahakama za Kampuni katika 1837. Maneno ya ngazi ya chini, sabha, samiti, parishad, ni ya Kisanskriti. Kila upande una kamusi yake. Lakini mkuu wa panchayati huitwa sarpanch, na jina lake limeunganisha pande zote mbili: panch ya wazee watano, na sar, kile kile kichwa kilichomo katika neno letu "serikali". Neno limekwisha kuunganishwa zamani. Kazi iliyobaki ni ya majimbo, nayo ni kumpa mwenye jina hilo fedha na daftari.