Ofiri: Hadithi ya Dhahabu Iliyowanyima Waafrika Haki Yao

Biblia inasimulia kwamba merikebu za Mfalme Sulemani zilikwenda Ofiri zikarudi na talanta 420 za dhahabu. Haikuelezwa Ofiri iko wapi. Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498 na kupata habari za dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, wengi wao waliamini kwamba Ofiri imepatikana.

Dhahabu ilikuwepo kweli, lakini si hazina iliyolundikwa ikingoja mchukuaji. Washona wa nyanda za juu za Zimbabwe waliichimba katika mashimo membamba na kuichekecha kwenye mchanga wa mito, wakaibadilisha kwa nguo na shanga. Ilipofika Sofala, biashara ilikuwa mikononi mwa masultani wa Kilwa, na ndiyo iliyoutajirisha mji ule ambao msafiri Ibn Battuta aliusifia uzuri alipoutembelea mwaka 1331.

Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa na kujenga ngome Sofala. Dhahabu haikumiminika, kwani wafanyabiashara walihamia njia nyingine. Mwaka 1569 Francisco Barreto akaondoka Lisbon na askari wapatao 1,000 kwenda kuyateka machimbo ya Mwenemutapa, mfalme wa Washona. Walipofika Sena, kando ya mto Zambezi, farasi walianza kufa na askari wakaugua. Barreto aliwatuhumu Waislamu wa Sena kwamba wametia sumu, akaamuru wauawe. Kumbe chanzo kilikuwa bonde lenyewe, lenye mbung'o na malaria. Yeye mwenyewe alifia Sena mwaka 1573. Mrithi wake, Vasco Fernandes Homem, alipofika kwenye machimbo ya Manyika alikuta dhahabu ikitolewa kidogo kidogo, kwa jasho jingi.

Hata hivyo hadithi haikufa. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta za mawe za Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale katika nyanda zile za juu. Alikata kibanzi kwenye boriti ya mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaamua kuwa ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo ni la Malkia wa Sheba, yule wa Biblia aliyemtembelea Sulemani. Walowezi wa Kiingereza wa Cecil Rhodes waliipokea dhana hiyo kwa mikono miwili, maana iliwapa kisingizio cha kuwaambia wenyeji kwamba hata wao ni wageni. Mwaka 1895 iliundwa kampuni ya kufukua dhahabu katika magofu, na mapambo ya kale yakayeyushwa.

Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha kwamba kuta zile ni kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 mwanaakiolojia mwenzake Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo. Serikali ya walowezi iliendelea kuukwepa ukweli huo hadi miaka ya 1970.

Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana Zimbabwe Kuu, ishara ya biashara iliyoiunganisha pwani na bara. Walimu wa historia, msiishie ufukweni mnapoifundisha Kilwa. Wafikisheni wanafunzi hadi kwa wachimbaji wa Kishona, ambao jasho lao ndilo lililokuwa utajiri wenyewe.