Riyadha, chuo kilichowafungulia mlango wanyonge wa Lamu

Habib Swaleh bin Alawy Jamalilil alitoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Zama hizo elimu ya dini mjini ilikuwa kama mali ya koo kubwa; watumwa, walioachwa huru na wageni hawakuwa na nafasi darasani. Yeye aliwasomesha, akala nao, akasoma nao maulidi kwa matari. Baadhi ya wakubwa walichukia, na si kwa sababu ya matari pekee: aliyesoma hadharauliki tena. Kwa juhudi zake ulisimama Msikiti wa Riyadha, kusini mwa mji. Kila Mfungo Sita mahujaji wa Maulidi hujaa hapo, na hakuna anayeulizwa ukoo wake mlangoni.