Grisi ya Mjomba

Nimekuwa kimya kidogo, wasomaji wangu. Vidole vimechubuka. Jumamosi nzima nilikuwa uvunguni mwa Land Rover Series III ya mjomba, tukitoa bushi za springi ambazo tulizifunga wenyewe uani miezi mitano tu iliyopita. Mpira umechanika, gari linagonga kila tuta.

Mara ile mjomba alisisitiza: "Mjomba, paka grisi hapo. Chuma hakisuguani kikavu." Ndivyo babu, fundi wa malori ya zamani, alivyomfundisha. Nikapaka. Kisha tukakaza nati gari likiwa bado juu ya jeki. Sasa najua tulikosea mara mbili, na babu hakuwa mjinga.

Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na bushi za chuma au shaba nyeusi. Pini ilizunguka ndani yake kweli kweli, na ikikosa grisi ililika upesi. Kupiga grisi ilikuwa kazi isiyoisha. Mwaka 1929 Oscar Zerk alipata hataza Marekani ya kile kichwa kidogo cha kupitishia grisi, ambacho gereji zetu zinakitumia hadi leo.

Mpira ulikuwapo siku nyingi. Charles Goodyear alipata hataza ya kuuimarisha kwa salfa na joto mwaka 1844. Lakini watengenezaji wa magari walichelewa kuuamini. Mwaka 1931 Chrysler waliikalisha injini ya Plymouth juu ya mpira ili kupunguza mtikisiko, na miaka hiyo hiyo bushi za mpira zilikuwa zinaingia kwenye springi.

Hapa ndipo ujuzi wa babu ulipoachwa nyuma. Bushi ya mpira haina kinachozunguka. Pete ya nje imebanwa kwenye jicho la springi, ya ndani imebanwa na bolti, na tairi likipanda mpira wenyewe unajipinda na kurudi. Grisi ya kawaida huuvimbisha na kuulainisha. Ukikaza gari likining'inia, ukilishusha tu mpira umeshajipinda kabla hata hujawasha injini.

Safari hii tulikata pete za zamani kwa msumeno wa chuma, tukasukuma mpya kwa jiriwa, kavu, tukashusha gari likasimama kwa uzito wake, ndipo tukakaza. Mjomba alikuwa ameshika kopo la grisi muda wote. Mwishowe akaenda kupaka bawaba za geti.