Ukuta wa Thimlich na Uhuru wa Mtu

Siku hizi kijana akikanywa jambo jibu lake liko tayari mdomoni: "Ni maisha yangu, wewe yakuhusu nini?" Kabla hatujajibizana, hebu twende Migori tukaangalie ukuta.

Yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la mawe. Wataalamu wanakadiria lilijengwa karne ya 16. Kuta zake zinafika mita 4 kwenda juu, unene mita moja hivi, na hakuna udongo wala chokaa ya kushikanisha. Mawe yamepangwa tu, makubwa kwa madogo, hili likilibana lile. Ndani mlikuwa na nyumba za watu na mazizi ya mifugo. Milango iliachwa mifupi na myembamba makusudi: anayeingia, mwenyeji au adui, lazima ainame.

Sasa tujiulize, mtu wa ndani ya boma lile alikuwa huru? Alikuwa huru kulala usingizi, maana ukuta ulimkinga na wavamizi na wanyama wakali. Lakini ukuta wa namna hiyo haujitunzi wenyewe. Jiwe likianguka leo lisirudishwe, kesho yanafuata kumi, na pengo halichagui nyumba ya nani. Kwa hiyo kurudisha jiwe hakukumpunguzia mtu uhuru wake, bali ndiko kulikompa. Tena hawakuwa watu wa kabila moja. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana pale vizazi kwa vizazi, na waliokuja walikarabati walichokikuta. Wakaazi wa mwisho walihama karne ya 20. Mwaka 2018, katika mkutano wa Manama, Bahrain, UNESCO ililiingiza boma hili katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa jirani zao wa Homa Bay, ukuta wao ni ziwa. Kwa miaka mingi uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Mvuvi anayetoka usiku na taa yake msimu huo hasemi uongo akisema watoto wana njaa. Lakini ziwa halina vyumba. Omena wachanga anaowabeba yeye ndio wangekuwa riziki ya mwenzake Agosti. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wenyewe, kupitia vikundi vya fuo vinavyojulikana kama BMU, sehemu ya kulilinda.

Haki ina pande mbili lakini. Jamii inayomwambia mtu aanike nyavu miezi 4, nayo iulize anakula nini. Boma lisilo na mlango ni gereza.

Basi ukikanywa usikimbilie kusema "yakuhusu nini". Yanamhusu, kwa sababu jiwe lako limebana lake. Na wewe unayekanya, kabla hujafungua mdomo, angalia kwanza kama kwake kuna futari.