Wakala Usio na Bei: Bunge la Uingereza na Kura ya Maoni ya 2016

Usiku wa tarehe 20 Machi 2019, Theresa May, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwahutubia Waingereza akiwaambia kuwa yeye yu upande wao, na kwamba waliowakawilisha ni wabunge. Na tangu hapo dai la kuwa Bunge lilifanyia hiana kura ya wananchi limekaririwa na wanasiasa na kupokewa na baadhi ya wanazuoni, hata aghalabu hutajwa kana kwamba limekwisha thibiti na halihitaji hujja. Makala haya yanalipinga. Si kwamba Bunge halikukosa. Lilikosa, ila kosa lake ni la mwaka 2015, na anayelitafuta katika mwaka wa mkwamo analitafuta pasipo.

Katika misingi hapana ikhtilafu. Tarehe 23 Juni 2016 watu 17,410,742 walichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya, na 16,141,241 wakachagua kubaki. Scotland na Ireland ya Kaskazini, kwa wingi wa kura zao, zilitaka kubaki. Na kisheria kura ile ilikuwa ya kushauri tu. Mzozo waanzia kwenye uzito wa ushauri huo. Vernon Bogdanor, mwanazuoni wa katiba, ameshika kuwa kwa njia ya kura za maoni wananchi wamekuwa mithili ya baraza la tatu la Bunge. Hoja hii ina haiba, walakini baraza hujadili, hurekebisha ibara, na hurudisha mswada usioliridhisha, ilhali wananchi walikabidhiwa karatasi yenye majibu mawili, wakatia alama, wakaenda zao. Ama wale wanaojikinga kwa jina la Dicey, mwalimu wa ukuu wa Bunge, na wakumbuke kuwa Dicey huyo huyo, alipochelea Ireland isije ikapewa serikali yake ya ndani, alisimama kuitetea kura ya maoni.

Ithibati iliyo kubwa kuliko zote, nayo haipewi haki yake katika mjadala huu, imo katika sheria mbili zilizotungwa na Bunge lile lile kwa muda usiotimia miaka mitano baina yao. Mwaka 2011 wananchi walipoulizwa kama utaratibu wa kuwachagua wabunge ubadilishwe, sheria ya kura ile ilikuwa imekwisha kuuandika utaratibu mpya kwa ukamilifu, na kifungu chake cha 8 kilimlazimisha waziri, iwapo kura za ndiyo zingezidi na sharti la mipaka ya majimbo likatimia, atoe amri ya kuutia nguvu, hakuachiwa hiari. Wananchi wakakataa kwa asilimia 67.9, na mambo yakaishia hapo. Sheria ya mwaka 2015, kinyume chake, ilieleza nani atapiga kura, swali litaandikwaje na fedha za kampeni zitasimamiwaje, kisha ikanyamaza. Hapana hata ibara moja iliyosema jibu la kutoka likipatikana nani atafanya nini. Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya tarehe 24 Januari 2017, iliyotolewa na majaji 8 dhidi ya 3, haikuacha kuiona tofauti hiyo, ikaamua kuwa serikali haiwezi kutoa ilani ya kutoka bila ya idhini ya Bunge.

Mafakihi wa Kishafii, ambao watu wa pwani yetu wamesoma vitabu vyao kwa karne nyingi, wanasema kuwa aliyewakilishwa kuuza mali bila ya kutajiwa bei hana ruhusa ya kuuza atakavyo, bali hufungwa na bei ya mfano wa mali ile. Bunge la Westminster liliambiwa liuze, wala halikutajiwa bei. Na msiba ukazidi kwa kuwa bei ya mfano haikuwapo, maana hapana dola iliyopata kutoka katika Umoja huo. Ndiyo sababu mkataba wa kutoka ambao May aliafikiana na Umoja huo ukaangushwa tarehe 15 Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, kisha mara mbili tena mwezi Machi. Ndiyo sababu tarehe 27 Machi Baraza la Makabwela likapigia kura mapendekezo manane na kuyakataa yote, na siku chache baadaye pendekezo la umoja wa forodha likashindwa kwa kura 276 dhidi ya 273.

Hapa hujibiwa kuwa wabunge wengi walitaka kubaki, wakajificha nyuma ya utaratibu. Lakini ni Baraza hilo hilo, kabla ya uchaguzi wa 2017 kulipunguzia wahafidhina, lililokubali kwa kura 498 dhidi ya 114 kwamba ilani ya kutoka itolewe. Na miongoni mwa 432 walioupinga mkataba walikuwamo wahafidhina 118, akiwamo Boris Johnson, ambao wengi wao waliuona kuwa haujatoka vya kutosha. Wapenda kutoka na wapenda kubaki waliingia ukumbi mmoja wa kupigia kura, kila kundi kwa sababu yake, na hilo peke yake latosha kuibatilisha hadithi ya hiana.

Wengine husema kuwa masharti ya kutoka hayakuweza kujulikana kabla ya mazungumzo. Naam, lakini kiwango na utaratibu vingeweza kuandikwa. Sheria ya Scotland ya mwaka 1978, iliyokusudia kuipa nchi hiyo baraza lake la kutunga sheria, ilidai kura za ndiyo zifikie asilimia 40 ya wote walioandikishwa; mwaka uliofuata ndiyo ikapata asilimia 51.6 ya kura zilizopigwa, ambazo zilikuwa asilimia 32.9 tu ya walioandikishwa, na sheria ikafutwa. Sharti lile lilichukiwa sana, na pengine kwa haki. Lakini lilijulikana kabla. Wakenya nao, walipopiga kura tarehe 4 Agosti 2010, walikuwa na matini nzima ya Katiba, na Jedwali lake la Tano lilikwisha lipangia Bunge muda wa kutunga kila sheria. Bunge hilo halikuutimiza wajibu wa kutunga sheria ya kuwa jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, halikuvunjwa. Hata hivyo hapana Mkenya aliyekuwa na shaka ni nani anayedaiwa, na anadaiwa nini.

Kwa hiyo mswada wowote wa kura ya maoni usio na ibara ya utekelezaji, uwe umefikishwa Westminster au kwenye Bunge jingine lolote, ukataliwe katika kusomwa kwake mara ya pili.